Kiti cha Karibu na Nguzo

Viatu hivi vimebadilishwa soli mara sita.
Fundi wa kwanza alikufa, wa pili akahamia Kordoba,
wa tatu ni kijana anayeniita bibi
na kunitoza bei ya mtalii.

Kila Alhamisi, miaka arobaini na mitatu,
nimepanda ngazi za klabu ya Flor de Ceibo,
huku Villa Luro, pembezoni mwa Buenos Aires.
Mchana ni uwanja wa mpira wa kikapu.
Usiku goli huvutwa juu kwa kamba,
na wavu hubaki ukining'inia juu ya vichwa vyetu,
soksi iliyosahauliwa na mwenyewe.

Nilikuwa na kiti. Karibu na nguzo, mbali na feni.
Wanawake upande huu, wanaume upande ule,
na kati yetu vigae, na macho.
Mwanamume haombi kwa mdomo. Hutazama,
hutikisa kichwa kidogo, kama anayekubali bei.
Nawe husimami mpaka afike,
maana huenda alimtazama wa nyuma yako.
Aibu hiyo niliionja mara moja, mwaka wa themanini na tatu.
Bado naijua ladha yake.

Husemwa mcheza kwao hutunzwa.
Mimi nilitunzwa soda ya limau,
na Evaristo Quagliotti, fundi bomba,
aliyenukia sabuni ya kufulia, akanishika
kama mtu anayepandisha kioo ghorofani.
Hatukuwahi kuonana mchana.
Nyimbo nne, shukrani, kila mtu mezani kwake.
Alipokufa ndipo nikajua ana mke,
na kwamba mke alijua habari za nyimbo nne,
na ndiye aliyekuwa akipiga pasi
shati la Alhamisi.

Sasa kwenye meza ya wanaume
wanauza keki zisizo na ngano.
Kiingilio kimepanda, halafu kikapanda tena.
Vijana huja na raba, hucheza wametengana
kiasi cha kupitisha toroli katikati.
Mwenye ndevu anacheza na mwenye ndevu,
na hakuna anayegeuka ila mimi,
nami nageukia miguu:
yule anayeongoza anauwahi mdundo.
Ningemwambia. Sikuulizwa.

Juzi, Julai, baridi ya kupasua midomo,
msichana aliyenyoa nusu ya kichwa
alinitazama kutoka upande wa pili
akatikisa kidevu.
Niligeuka kuona nani yuko nyuma yangu.
Nyuma yangu palikuwa na nguzo.

Jina lake Maitena. Anasomea udaktari wa ng'ombe.
Aliongoza vizuri, ila bega limekaza
kama anayesubiri kupigwa sindano.
Wimbo wa pili nikamwambia:
Nipe mkono huu. Siyo huo, huu.
Sasa wewe fumba macho.

Kwani walidhani tulijifunzia wapi?
Jikoni, mimi na dada yangu Zulma,
meza imesukumwa ukutani,
redio juu ya friji, dengu zinatokota,
kwa zamu: leo wewe mwanamume, kesho mimi.
Mama akitusahihisha huku anamenya viazi,
bila kuinua uso, kwa kusikiliza visigino tu.
Mwanamume wa kwanza kunikumbatia ukumbini
alinikuta naijua kazi yake.
Nikanyamaza. Tulifundishwa hilo pia.

Bega lake lilishuka kwenye wimbo wa tatu.
Nililisikia likishuka,
nami nikasikia mkono wangu wa kulia,
mzee, mgumu, ukikumbuka njia.

Wa nne ulipokwisha alisema asante,
neno ambalo kwetu hufunga mlango.
Au halifungi tena, sijui; sheria zimebadilika
na mimi sikupewa nakala.

Nilirudi nikakuta mtu ametupa koti kitini kwangu.
Nikalikunja, nikakaa nalo mapajani,
goti la kulia likidunda peke yake,
mdundo wake lenyewe, nusu hatua
nyuma ya okestra.